Mashine Iliyouzwa kwa Kilo

Katikati ya mwaka 2019, wiki mbili tatu baada ya Juni mosi, nilisimama Vingunguti kwenye yadi ya chuma chakavu nikitazama mashine ya kupuliza nailoni ikipandishwa mizani. Nzima haikuenea, kwa hiyo vijana waliukata mnara wake kwa gesi, vipande vitatu. Grisi kwenye beringi ilikuwa bado mbichi. Mwenye mashine alikaa juu ya ndoo ya rangi, kikombe cha kahawa mkononi, hasemi neno. Zaidi ya miaka kumi mashine ile ilikuwa imemsomeshea watoto kwa mifuko ya rambo, ile myeusi na ile ya mistari ambayo kila muuza nyanya wa Buguruni alikuwa ameining'iniza mezani. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kazi, chuma chenye thamani ya nyumba kikawa chuma cha kilo.

Mjomba wangu alikuwa pembeni yangu. Yeye alikuwa ameitamani biashara hiyohiyo ya rambo tangu 2014, tena alikuwa ameshachagua mpaka aina ya mashine. Hakupata mkopo. Akazunguka, akajaribu tena, akanyimwa tena, miaka ikapita. Marufuku ikamkuta ana kiwanja, ana hela ya upatu ya yeye na shangazi, na hana mashine yoyote ya kulilia. Akaagiza China mashine ya kutengeneza mifuko mbadala, ile ya kitambaa. (Kitambaa chenyewe kimetokana na plastiki, lakini tuyaache hayo.) Shirika la Viwango lilitaka mfuko ufike GSM 70, yaani gramu 70 kwa mita ya mraba, naye hakuwa na mzigo wa zamani wa kuteketeza wala mashine ya zamani ya kubadilisha, akaanza moja kwa moja na GSM 70. Mtaani wakamwita mjanja.

"Ujanja gani, mjomba?" aliniambia siku ile pale yadi. "Mimi si nilinyimwa mkopo?"

Ninamtunzia vitabu vya hesabu yeye na wenye karakana wengine kama kumi, Tabata, Vingunguti na Gerezani, kwa hiyo najua kwamba alisema kweli. Na tangu siku ile nimekuwa nikifikiria jambo ambalo nilifundishwa darasani nikalijibia mtihani bila kulielewa: kwamba nchi inayochelewa kuingia kwenye viwanda ina faida ambazo aliyetangulia hana.

Mwaka 1915 Thorstein Veblen, mchumi Mmarekani wa wazazi kutoka Norway, alijaribu kueleza ilikuwaje Ujerumani, iliyoanza nyuma ya Uingereza, ikampita mwalimu wake. Mfano wake mmoja ninaupenda kwa sababu ni wa kihasibu kabisa. Mabehewa ya makaa ya mawe ya Uingereza yalikuwa madogo kupita kiasi, na kila mtu alilijua hilo. Lakini ukitaka behewa kubwa, unahitaji reli za maegesho zinazolitosha, unahitaji mitambo mipya ya kupakia migodini na ya kupakulia bandarini, na kila kimojawapo kina mwenyewe tofauti. Hakuna aliyekuwa mjinga. Kila mmoja akipiga hesabu yake anaona bora aendelee na behewa dogo, na kwa pamoja wanabaki nyuma. Mjerumani hakuwa na behewa dogo la kumwonea huruma.

Kuna kisa kingine cha wakati huohuo ambacho kingetokea Dar kingeitwa mkosi. Sidney Gilchrist Thomas alikuwa karani wa mahakama London, jioni anasoma kemia. Mwishoni mwa miaka ya 1870, akishirikiana na binamu yake aliyekuwa mkemia kwenye kiwanda cha chuma huko Wales, alipata njia ya kuondoa fosforasi kwenye chuma kinapoyeyushwa. Uvumbuzi wa Mwingereza, Uingereza. Aliyefaidi zaidi ni Mjerumani, mwenye mawe ya chuma ya Lorraine yaliyojaa fosforasi, ambayo kabla ya hapo yalikuwa hayatengenezi chuma cha pua cha maana. Waingereza walikuwa wameshajenga tanuri zao kwa njia za zamani na kwa mawe ya aina nyingine. Kufikia 1913 Ujerumani ilikuwa inatoa tani milioni 17 hivi za chuma cha pua, na Uingereza haifiki milioni 8.

Mzee wa Vingunguti na mnara wake wa vipande vitatu wangeelewana na wale wenye tanuri bila mkalimani.

Basi, kama kuchelewa kuna utamu huo, mbona wote waliochelewa si matajiri? Hapo ndipo inabidi kwanza uulize walichelewa kwa nini, maana sababu hazifanani.

Wajerumani walichelewa kwa kugawanyika. Mpaka miaka ya mwanzo ya karne ya 19 mzigo uliosafirishwa ndani ya nchi yao ulilipa ushuru mpaka hadi mpaka, kama lori la mahindi la Songea linavyohesabu mageti ya ushuru wa mazao, ila wao kila geti lilikuwa na mfalme wake. Umoja wa forodha ulikuja 1834. Warusi walichelewa kwa sababu wakulima wao walikuwa mali ya bwana mwenye shamba hadi 1861, na mtu asiyeweza kuondoka shambani hawezi kuajiriwa kiwandani. Japani ilijifungia zaidi ya miaka 200, na ikafunguliwa kwa vitisho vya meli za Marekani zilizoingia 1853. Na usidhani Mwingereza aliyetangulia alikuwa amekaa akigawa maarifa yake kama pilau. Sheria zake zilikataza mafundi kuhama na ujuzi wao hadi 1824, na zilikataza mashine nyingi kuuzwa nje hadi 1843. Samuel Slater alitoroka 1789 kwenda Marekani akiwa amekariri mitambo ya kusokota pamba kichwani, kwa sababu karatasi yenye mchoro ingemponza.

Sisi tulichelewa kwa namna nyingine. Tulicheleweshwa, kisha tukajichelewesha, na mtu anayesimulia nusu moja tu ya habari hiyo huwa ana jambo anatafuta.

Kucheleweshwa kwetu hakuhitaji maneno mengi. Reli ya Wajerumani ilianza kujengwa hapa Dar 1905, ikafika Kigoma 1914, na kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha mali pwani. Ilipokuja zamu ya Mwingereza, viwanda vichache vya Afrika Mashariki vikajikusanya Nairobi. Katani yetu ilisifika dunia nzima, lakini miaka ya 1930 kiwanda kilichoanza kusokota kamba hapahapa Tanganyika kilipigwa vita na watengeneza kamba wa Uingereza, wakalia kwa serikali yao, kikafungwa. Katani ikaendelea kuondoka kama katani. Mwalimu Nyerere alikuwa akipenda kukumbusha kwamba Waingereza walituachia mainjinia wawili na madaktari kumi na wawili. Mainjinia wawili, kwa nchi nzima! Kitivo cha uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilifunguliwa 1973.

Nusu ya pili ninaijua kutoka mezani kwetu, maana baba alikuwa opareta wa idara ya kusokota kwenye kiwanda kimoja cha nguo hapa mjini.

Miaka ya mwanzo ya Azimio ilikuwa miaka ya kufungua viwanda. Urafiki ilifunguliwa Ubungo 1968 kwa msaada wa China, Mwanza ikapata chake, na kuanzia 1975 kukawa na mkakati mzima wa viwanda mama. Baba anasema kuajiriwa kiwandani siku zile kulikuwa sawa na kuajiriwa benki leo, ulikuwa unaoa kwa kitambulisho. Halafu mambo yakafuatana: bei ya mafuta 1973, Jumuiya kuvunjika 1977, vita vya Kagera, mafuta tena 1979. Mashine zilikuwa za nje, spea za nje, rangi za nje, na fedha za kigeni hakuna. Beringi moja ikifa, inasubiri kibali. Ukipata kibali, umeme hakuna. Mashine iliyokufa inachinjwa kuponya mwenzake, na mwezi unaofuata hiyo iliyoponywa nayo inachinjwa.

"Tulikuwa na shifti tatu," baba husema. "Zikawa mbili. Ikawa moja. Mwisho tukawa tunakuja kufagia."

Nimemwuliza mara nyingi kama tatizo lilikuwa wizi, siasa au Wazungu, kwa sababu vijiweni lazima uchague mojawapo. Yeye hujibu kwa habari ya stoo. Anasema mashine zilikuja na vitabu vya maelezo, vitabu vikafungiwa kwenye kabati la ofisi ya meneja ili visichafuke. Fundi akitaka kusoma, lazima aombe. Wengi hawakuomba.

Ukitaka mfano wa aibu zaidi, nenda Morogoro. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilifadhili kiwanda cha viatu, mitambo ya kisasa, hesabu zote zikionyesha kwamba sehemu kubwa ya viatu ingeuzwa Ulaya. Jengo lenyewe lilikuwa la kuta za bati za nchi za baridi, ndani ya joto la Morogoro. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 10 ya uwezo wake. Kwa vigezo vyote vya darasani tulikuwa tumeifaidi ile karama ya anayechelewa: teknolojia iliyoiva, mtaji wa kukopa, makosa ya wenzetu tumeyasoma. Tukatoka na jengo.

Kwa hiyo wanaponiambia kwamba sasa tunaruka hatua, ninasikiliza kwa adabu lakini mkono uko mfukoni. Ni kweli tumeruka. Wengi wetu hatukuwahi kuwa na simu ya mezani nyumbani, tukaenda moja kwa moja kwenye simu ya mkononi, na kuanzia 2008 mama ntilie wa Manzese alikuwa anapokea hela kwenye simu wakati dada yangu aliye Ulaya bado analipa bili kwa kutuma karatasi posta. Tumeruka pia kwenye reli. Kenya ilitangulia, treni yao mpya ya Mombasa na Nairobi ikaanza 2017, ya dizeli. Sisi mwaka huohuo ndio kwanza tulikuwa tunachimba, na abiria wakaanza kupanda 2024, ila tumepanda ya umeme. Dar hadi Dodoma chini ya saa nne, na umeme wa bwawa la Rufiji ukiingia kwenye gridi mwaka uleule. Jirani aliyewahi sasa ana kazi ya kutandika nyaya juu ya reli ambayo tayari ina treni.

Lakini simu hatuitengenezi sisi, tumeruka kama wanunuzi. Na treni ile ya mchongoko inatoka Korea, kwa Hyundai Rotem. Kisa cha Korea nimekihifadhi kwa sababu kinanikera kwa namna nzuri. Walipotaka treni za mwendo kasi walinunua kwa Wafaransa, seti 46 za aina ya TGV. Wakakubaliana hivi: 12 zitengenezwe Ufaransa, 34 zitengenezwe Korea, na Wakorea wafundishwe. Treni zikaanza kubeba abiria 2004. Miaka ishirini baadaye tuko stesheni ya Dar, tunapiga picha na treni ya Mkorea. Naye alichelewa kama sisi, na ile 34 ndiyo ilimtenga nasi.

Nirudi Tabata, kwa mjomba, maana huko ndiko jambo hili nililiona kwa macho.

Mashine yake ilifika, ikafungwa, ikapiga kazi vizuri miezi mitatu. Ni mashine ya kumfurahisha mtu aliyezoea vyerehani: roli la kitambaa linaingia upande mmoja, linakunjwa, linaunganishwa kwa joto, linakatwa, mifuko inadondoka upande wa pili kama karata. Siku moja asubuhi ikaanza kukata ovyo. Mjomba alikuwa na oda ya duka moja la Kariakoo, mifuko imechapwa neno KARIBU kwa herufi nyekundu. Ikawa mfuko mmoja unatoka na KARI na unaofuata unatoka na BU. Kwenye kioo cha mashine yakaja maandishi ya Kichina mekundu, yanawaka na kuzima.

Tulimpigia wakala. Akataka picha, tukatuma picha. Akasema kadi ya kuongozea mashine imekufa, ibadilishwe, bei ni dola nyingi, na itafika baada ya wiki tano. Mimi nikafungua daftari nikaanza kupiga hesabu ya hasara. Mjomba akaenda kumwita mzee mmoja anayekaa nyuma ya msikiti, aliyekuwa fundi mitambo kiwandani kwa baba, kule kwenye nguo. Umri umeenda, macho si mazuri, na mashine ya aina ile alikuwa hajawahi kuiona maishani.

Alifika amevaa kanzu. Tukamwamkia, akaitikia, akaomba kiti. Hakugusa kitu. Alikaa kama dakika ishirini akiiangalia inavyoharibu kitambaa, mjomba akiugulia kila mfuko unaodondoka. Kisha akauliza swali ambalo sisi wote, pamoja na wakala, hatukuwa tumeliuliza:

"Hii inajuaje pa kukata?"

Opareta, kijana wa miaka 22, akasema inajua yenyewe, ni kompyuta.

"Inajuaje?"

Akainuka, akafuata kitambaa kwa kidole kuanzia kwenye roli. Akaona pembezoni mwa kitambaa kuna alama nyeusi, ndogo kama ukucha, inayojirudia kila baada ya mfuko mmoja. Akaendelea mpaka akakuta juu ya alama hizo kuna kidude kina taa nyekundu, jicho. Akasema hili ndilo linaloona. Lilikuwa limejaa vumbi la kitambaa. Akaomba kipande cha kanga na spiriti, akalifuta. Tukawasha. KARI. BU. Mjomba akakaa chini.

Mzee akazima tena, akashika kile kidude kwa vidole viwili akakitikisa. Kilicheza. Mtetemo wa miezi mitatu ulikuwa umelegeza kishikio chake, kimesogea kama upana wa kidole, kwa hiyo jicho lilikuwa linaona alama baada ya kisu kuwa kimeshaamua. Kijana akatumwa kuokota vizibo vya soda, mzee akavibonda, akavitoboa, akavifanya washa za kishikio. Akakaza. Kadi haikuwa na ugonjwa wowote. Vile vizibo vipo mpaka leo na vina maandishi ya soda.

Hapo ndipo nilipouelewa ule mtihani wa Mlimani. Kuchelewa kulikuwa kumempa mjomba mashine nzuri kuliko ya aliyetangulia, tena kwa bei ndogo. Kulimpa pia soko lililokwisha kusafishwa na sheria. Mtu wa kuuliza inajuaje pa kukata ilibidi atoke kwingine, na huyu alitoka kwenye kiwanda ambacho vitabu vyote vya mahesabu vinakiandika kama hasara.

Wajapani walilijua hili mapema, au walibahatika. Mwaka 1872 serikali yao ilifungua kiwanda cha kusokota hariri huko Tomioka, mitambo ya Ufaransa, msimamizi Mfaransa anayeitwa Paul Brunat. Nchi haikuwa na wachoma matofali ya namna ile, wakawapa kazi mafundi wa vigae. Wafanyakazi waliotakiwa ni wasichana, na wasichana hawakuja, kwa sababu uvumi ulikuwa umeenea kwamba wageni wale wanakunywa damu ya mabinti. Walikuwa wamewaona Wafaransa na mvinyo mwekundu. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu ndani ya mwendokasi, maana bibi yangu alikuwa akituonya tusisogelee gari la zimamoto, mumiani watatunyonya. Msimamizi wa Kijapani, Odaka Atsutada, ikabidi amlete binti yake mwenyewe, Yu, awe wa kwanza kuandikishwa, ndipo wengine wakafuata.

Kihasibu Tomioka haikuwa biashara nzuri. Mwaka 1893 serikali iliiuza kwa Mitsui. Lakini wale wasichana walikuwa wamerudi makwao mikoani na kuwa walimu katika viwanda vipya, vingine vikiwa na mitambo ya mbao na vyuma vya kuungaunga, vilivyoigwa kwa bei ambayo matajiri wa vijijini waliimudu. Hariri ndiyo iliyowaletea Wajapani fedha za kigeni kwa miongo mingi iliyofuata. Ningepewa vitabu vya Tomioka nivikague, ningeandika hasara, na ningekuwa sahihi, na ningekuwa sijaona kitu.

Kwetu viwanda vilipofungwa, tuliuza majengo, tukauza mashine kwa kilo, na mafundi tukawaacha wajigawe wenyewe. Wengine walienda Gerezani wakaanza kutengeneza mageti. Wengine wakawa madereva wa daladala. Baba alifungua duka. Hakuna aliyeandika orodha ya nani anajua nini.

Lipo na suala la hela. Alexander Gerschenkron alizaliwa Odessa 1904, akaikimbia Urusi akiwa kijana, akaikimbia Austria 1938, akaishia kufundisha Harvard. Yeye alisema kadiri nchi inavyochelewa zaidi, ndivyo ruko linavyokuwa kubwa na ndivyo mtaji wa mtu mmoja mmoja unavyopungukiwa. Mwingereza wa kwanza aliweza kuanza na akiba ya familia. Mjerumani alihitaji benki iliyokuwa tayari kukaa na kiwanda miaka na miaka, mpaka kwenye vikao vyake. Mrusi alihitaji serikali, kwa sababu hata benki za namna hiyo hakuwa nazo.

Mjomba alihitaji miezi minne kabla ya rejesho la kwanza. Benki aliyoiendea mara ya tatu, ile iliyokubali hatimaye kumpa kiasi cha kulipia roli za kitambaa, ilitaka hati ya nyumba na marejesho ya kwanza yaanze mwezi unaofuata. Mzigo ulikuwa bado baharini. Nilimwonyesha ofisa mikopo ratiba ya meli, akaniambia kwa upole kabisa kwamba mfumo haumruhusu kuandika sifuri. Rejesho la kwanza na la pili tulilipa kwa hela ya upatu wa shangazi. Kwa hiyo kama kuna siku mtu ataandika historia ya viwanda Tabata na akatafuta ile benki ya Kijerumani, asihangaike, ni shangazi na wenzake kumi na mmoja, wanakutana Jumapili.

Kuhusu mikakati mikubwa nina maneno machache. Enzi zile za Tanzania ya viwanda tulitaniana sana kwamba cherehani nne ni kiwanda. Chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma tumevisikia tangu tukiwa shule ya msingi. Vikianza nitafurahi. Nondo za Dar kwa sasa nyingi zinayeyushwa kutoka kwenye chakavu, na huenda ndani ya nguzo za ghorofa fulani la Sinza umo ule mnara wa nailoni.

Mwezi uliopita gia moja ya mashine ya mjomba ilikatika meno mawili. Ya plastiki ngumu, ndogo, inaenea kiganjani. Wakala alisema haiuzwi peke yake, inauzwa na mkono mzima. Safari hii hatukumsumbua mzee, macho yamezidi. Yule kijana opareta, sasa ana miaka 28, aliifungua mwenyewe, akahesabu meno, akapima kwa rula, akaandika kwenye daftari la kaunta ambalo mzee alimlazimisha kuwa nalo. Tukaenda naye Gerezani kwa fundi mmoja wa kukereza vyuma.

Fundi alizungushazungusha gia mkononi, akauliza inazunguka kasi gani na inabeba uzito gani. Kijana akamjibu. Wakabishana kidogo kuhusu shaba na nailoni ngumu, mimi na mjomba tumesimama kama wakwe. Wakaafikiana shaba.

"Nikuchongee moja?" fundi akamwuliza mjomba.

Mjomba akamwangalia kijana.

"Chonga nne," kijana akasema. "Kuna watu wawili Mabibo wana mashine kama yetu, na zao zitakatika."